Kibuyu na Wavu Wake: Siri ya Matangi Mepesi ya Setilaiti

Historia ya Karagwe imejaa chuma. Ng'ombe wadogo waliofuliwa kwa chuma walikuwa miongoni mwa vitu vya enzi vya watawala wake huko Bweranyange, na mwaka 1861 wasafiri John Hanning Speke na James Augustus Grant walipokelewa na Mukama Rumanyika katika nchi ambayo wahunzi wake walikuwa na sifa tangu zamani. Hata hivyo, mtu aliyetaka kupeleka rubisi, yaani pombe ya ndizi, kwa jamaa zake ng'ambo ya kilima hakubeba chombo cha chuma. Alibeba kibuyu. Sababu yake inajulikana na kila aliyewahi kupanda vilima vya Karagwe na Kyerwa akiwa na mzigo: chombo kizito humchosha mbebaji kabla kinywaji chenyewe hakijahesabiwa.

Kibuyu kina kasoro moja. Ganda lake huzuia kinywaji kisivuje, lakini ni jepesi kupasuka. Tiba yake ni kukisukia wavu wa kamba za mgomba. Wavu peke yake hauwezi kuhifadhi hata tone moja, na kibuyu peke yake hakistahimili misukosuko ya njiani. Vikishikamana, kimoja huzuia uvujaji na kingine hubeba nguvu. Kinyume chake ni kweli pia: wavu ukilegea, kibuyu huchezacheza ndani yake na kupasuka kana kwamba hakikusukiwa kitu.

Wahandisi wanaobuni matangi ya setilaiti wamefikia suluhisho la namna hiyo hiyo, na wamekutana na hatari ya namna hiyo hiyo. Makala haya yanaeleza jinsi tangi la nyuzi linavyofanya kazi, na jinsi nafasi ndogo kati ya ganda na nyuzi ilivyoharibu chombo kilichokusudiwa kuwahudumia Waafrika wengi.

Kwa nini setilaiti ihitaji tangi

Mtu aliyesimama Murongo, wilayani Kyerwa, huiona Uganda ng'ambo ya Mto Kagera. Na akifuata mto huo kuelekea kusini, ng'ambo yake huwa ni Rwanda. Nchi zote mbili zimekwisha kuwa na setilaiti zao. Setilaiti ya Rwanda, RwaSat-1, iliachiwa angani mwaka 2019, na ile ya Uganda, PearlAfricaSat-1, mwaka 2022. Kenya ilikuwa imetangulia mwaka 2018 kwa setilaiti iliyoitwa 1KUNS-PF. Zote tatu zilikuwa ndogo kiasi cha kubebeka mkononi, na zote ziliachiwa kutoka katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, kwenye kimo cha kilomita 400 hivi.

Katika kimo hicho hewa haijaisha kabisa. Chembe chache zilizobaki huikwaza setilaiti na kupunguza mwendo wake kidogo kidogo. Setilaiti ndogo isiyo na injini, ikiachiwa hapo, aghalabu hushuka na kuteketea katika muda wa mwaka mmoja hadi mitatu. Haiwezi kujiinua tena, wala haiwezi kukwepa vipande vya takataka vinavyozunguka dunia. Setilaiti inayokusudiwa kudumu miaka kumi na zaidi sharti iwe na injini, na injini haina faida bila fueli. Kwa hiyo lazima pawe na tangi.

Gharama ya kila kilo inaonekana katika kanuni ya roketi, ambayo mwalimu wa fizikia anaweza kuiandika ubaoni kwa mstari mmoja: badiliko la kasi ni sawa na kasi ya gesi inayotoka katika injini, mara logi asilia ya tungamo la mwanzo likigawanywa kwa tungamo la mwisho. Mathalan, setilaiti ina tungamo la kilo 100, na kati ya hizo kilo 10 ni haidrazini, fueli iliyotumika sana katika setilaiti. Gesi yake hutoka kwa kasi ya mita 2,200 hivi kwa sekunde. Kilo 100 zikigawanywa kwa 90, na logi asilia ya jibu ikizidishwa kwa 2,200, hupatikana badiliko la kasi la mita 232 kwa sekunde. Hiyo ndiyo akiba ya maisha yote ya setilaiti.

Sasa kilo moja ya metali iondolewe katika vyombo vyake, na nafasi hiyo ijazwe kilo moja ya fueli. Tungamo la mwisho linakuwa kilo 89, na akiba inapanda hadi mita 256 kwa sekunde. Kilo moja kati ya mia moja imeongeza uwezo wa setilaiti kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Swali linalofuata ni hili: kilo hiyo itapatikana wapi?

Hesabu ya ganda

Kila chombo chenye kanieneo ndani yake huvutwa ili kipasuke. Katika tufe, mkazo ndani ya ganda ni sawa na kanieneo mara nusukipenyo, ikigawanywa kwa unene wa ganda mara mbili. Kwa kanuni hiyo fupi mwanafunzi anaweza kubuni tangi kwa makadirio.

Hebu lichukuliwe tufe lenye nusukipenyo cha sentimita 15, ambalo ujazo wake ni lita 14 hivi. Limetengenezwa kwa aloi ya titaniamu inayostahimili mkazo wa megapaskali 900. Kwa ajili ya usalama, mhandisi hulibuni lisipasuke mpaka kanieneo ifike mara moja na nusu ya ile ya kazi.

Tangi la haidrazini hufanya kazi kwa kanieneo ya megapaskali 2.4 hivi, yaani mara 24 ya kanieneo ya hewa kwenye usawa wa bahari. Hesabu inaonyesha kwamba ganda la milimita 0.3 lingetosha, na kwamba lingekuwa na tungamo lisilofika hata nusu kilo. Ganda jembamba namna hiyo ni gumu kutengeneza na kuunganisha, hivyo kiwanda hulazimika kuliongezea unene. Hapa nyuzi haziwezi kuokoa mengi, na ndiyo maana matangi mengi ya haidrazini yametengenezwa kwa titaniamu tupu.

Mambo hubadilika kwa vyombo vya gesi. Setilaiti nyingi hubeba heliamu ya kuisukuma fueli kuelekea kwenye injini, na zile zenye injini za umeme hubeba gesi ya zenoni. Gesi hizo hushindiliwa sana ili zichukue nafasi ndogo. Tufe lile lile likijazwa heliamu kwa kanieneo ya megapaskali 30, ganda la titaniamu linahitaji unene wa milimita 3.75, na tungamo lake linafika kilo 4.7. Kilo inayotafutwa imejificha hapo.

Nyuzi zinavyobeba nguvu

Uzi wa kaboni wa aina inayotumika viwandani hustahimili mkazo wa megapaskali 4,900 hivi, zaidi ya mara tano ya aloi ya titaniamu, ilhali kwa ujazo ulio sawa tungamo lake halifiki hata nusu ya lile la titaniamu. Mtu anaweza kudhani kwamba tangi la nyuzi litakuwa jepesi mara kumi na zaidi. Sivyo. Uzi una nguvu kwa urefu wake tu. Ukisukumwa kutoka ubavuni hauna msaada. Ganda la tangi huvutwa pande mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo nyuzi sharti zigawanywe katika pande hizo. Tena nyuzi hushikamanishwa kwa gundi ya epoksi, ambayo huchukua kama sehemu mbili kwa tano ya ujazo na haibebi nguvu nyingi. Hatimaye gesi ya heliamu hupenya katika nyufa ndogo za gundi, hivyo ganda jembamba la metali lazima libaki ndani. Baada ya makato hayo yote, tangi la nyuzi huwa na takribani nusu ya tungamo la tangi la metali tupu linalofanya kazi ile ile. Nusu ya kilo 4.7 ni zaidi ya kilo mbili, na mfano wa fueli umekwisha kuonyesha thamani ya kilo moja tu.

Maunzi ya namna hii huitwa maunzi mseto: vitu viwili vimeunganishwa, lakini kila kimoja kimebaki na tabia yake. Ukuta wa fito na udongo ni wa ukoo huo huo. Fito huzuia ukuta usipasuke unapovutwa, na udongo huzishika fito mahali pake.

Tangi hutengenezwa hivi. Kwanza hufanyizwa ganda jembamba, mara nyingi la alumini. Ganda hilo hufungwa kwenye mashine na kuzungushwa, huku uzi wa kaboni uliochovywa katika epoksi ukivutwa na kulizingira, safu juu ya safu. Kisha chombo kizima huingizwa katika tanuri ili gundi igande.

Kazi kubwa ya mbunifu ni kuchagua pembe. Mpira wa kumwagilia maji ukipasuka kwa nguvu ya maji, aghalabu huchanika kwa urefu wake. Hilo si jambo la bahati: katika chombo cha mcheduara, mkazo unaozunguka ubavu ni mara mbili ya mkazo unaokwenda kwa urefu. Basi nyuzi zikisukwa kwa mshazari mmoja, pembe yake iwe ile ambayo tanjiti yake, ikizidishwa kwa yenyewe, huleta 2. Pembe hiyo ni digrii 54.7. Nyuzi zilizolazwa hivyo hugawana mzigo sawasawa. Zikilazwa kwa pembe nyingine, gundi hulazimika kubeba kazi isiyo yake.

Kwenye ncha za tangi, ambako ganda hujikunja kama kitako cha kibuyu, hutokea tatizo jingine. Uzi uliovutwa juu ya kitu cha mviringo hutafuta njia iliyo fupi kuliko zote. Ukilazwa nje ya njia hiyo huteleza. Msukaji wa wavu wa kibuyu huliona jambo hilo kwa vidole vyake. Mhandisi huliandika kwa hesabu. Wote wawili wanatii umbo la chombo.

Ufundi huu si mgeni Afrika Mashariki. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, roketi ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco lililokuwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ilibeba setilaiti ya kuchunguza miale ya eksi inayotoka katika nyota, nayo ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Hatua ya mwisho ya roketi hiyo, iliyoisukuma setilaiti mpaka kwenye obiti yake, ilihifadhi fueli yake yabisi ndani ya ganda la nyuzi za kioo zilizozungushwa na kugandishwa kwa gundi.

Nafasi kati ya ganda na nyuzi

Tarehe 1 Septemba 2016, huko Cape Canaveral nchini Marekani, roketi ya Falcon 9 ya kampuni ya SpaceX ilikuwa ikijazwa fueli kwa ajili ya jaribio la injini. Juu yake ilikuwa setilaiti ya Israeli iitwayo AMOS-6. Sehemu ya uwezo wake ilikuwa imekodiwa na kampuni ya Facebook pamoja na Eutelsat ili kupeleka intaneti katika nchi kadhaa za Afrika kusini ya Sahara, za magharibi, mashariki na kusini. Huduma hiyo iliwalenga hasa watu wa mahali palipo mbali na nyaya za mawasiliano. Ghafla roketi ililipuka na kuteketea pamoja na setilaiti. Siku hiyo hiyo mkuu wa Facebook, Mark Zuckerberg, alikuwa Nairobi.

Uchunguzi ulitazama matangi ya heliamu yaliyokuwa ndani ya roketi. Yalikuwa ya namna iliyoelezwa hapo juu: ganda la alumini lililosukiwa nyuzi za kaboni. Yalizamishwa ndani ya tangi kubwa la oksijeni iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika. Kwa mujibu wa taarifa iliyotolewa na kampuni hiyo mwezi Januari 2017, ganda la alumini lilikuwa na mikunjo midogo, na mikunjo hiyo iliacha nafasi kati ya ganda na nyuzi. Oksijeni ilipenya katika nyuzi na kukusanyika hapo. Kanieneo ilipopanda, oksijeni hiyo ilinaswa. Kuvunjika kwa uzi mmoja au msuguano mdogo ungetosha kuiwasha, kwa kuwa kaboni ndani ya oksijeni tupu ni kuni iliyo tayari.

Somo lake ni wazi. Ganda halikuwa dhaifu, na nyuzi hazikuwa dhaifu. Udhaifu ulikuwa mahali vitu hivyo viwili vilipokutana. Wavu ulikuwa umekiachia kibuyu nafasi. Maunzi mseto humpa mbunifu wepesi kwa kugawanya kazi, lakini humdai achunguze mpaka ulio kati ya wagawanaji kwa uangalifu kuliko anavyowachunguza wagawanaji wenyewe.

Madai mengine ni mawili. La kwanza, uzi uliovutwa kwa nguvu nyingi miaka mingi mfululizo unaweza kukatika ghafla bila dalili. Kwa sababu hiyo tangi haliruhusiwi kutumia nguvu yote ya nyuzi zake. La pili, nyundo ikiangukia tangi la metali huacha bonde linaloonekana. Ikiangukia tangi la nyuzi, huenda nyuzi za ndani zikavunjika huku uso wa nje ukionekana mzima. Ndiyo maana tangi la setilaiti hulindwa kiwandani kwa vifuniko na hukaguliwa upya kila linapogongwa, hata kidogo.

Kinachorudi ardhini

Chombo kigumu kuvunjika angani ni kigumu pia kuteketea kinaporudi. Titaniamu huyeyuka kwenye joto la digrii 1,660 hivi za sentigredi, na nyuzi za kaboni hustahimili joto kali. Mwaka 2011 tufe la metali lililofanana na tangi la chombo cha angani liliokotwa huko Namibia. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya metali yenye kipenyo cha mita 2.5 na tungamo la kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Makueni, nchini Kenya. Shirika la Anga la Kenya lilieleza kwamba ilikuwa sehemu ya roketi. Leo wabunifu hutakiwa kufikiria siku ya kwanza na siku ya mwisho ya tangi: liwe imara likiwa kazini, na lisambaratike linaporudi. Ikiwa chombo cha namna hiyo kitaanguka katika shamba la mtu, asikiguse wala asikifungue, kwa kuwa haidrazini ni sumu kali. Atoe taarifa kwa viongozi wa serikali.

Jaribio la darasani

Shule ya Kayanga, Murongo au kwingineko haihitaji nyuzi za kaboni ili kuanza somo hili. Migomba iko karibu na kila darasa. Mwanafunzi achambue uzi mmoja kutoka katika gome la mgomba na aukaushe. Ili kupima kipenyo, auzungushe juu ya penseli mara 20, mizunguko ikigusana, apime upana wa mizunguko yote kwa rula, kisha agawanye kwa 20. Afunge ncha moja ya uzi juu, na ncha ya pili aning'inize chombo chepesi, kisha amimine maji polepole mpaka uzi ukatike. Mwishowe apime tungamo la chombo pamoja na maji yake.

Tuseme uzi wenye kipenyo cha milimita 0.2 umekatika kwa kilo 1.5. Kani ni niutoni 14.7, na eneo la mkato wa uzi ni milimita za mraba 0.0314. Mkazo wake ni megapaskali 468. Chuma cha kawaida cha ujenzi hukatika kwenye megapaskali 400 hivi. Mwanafunzi atashangaa, na mshangao huo una manufaa.

Lakini mwalimu asikubali jaribio liishie kwa uzi mmoja. Jaribio lirudiwe kwa nyuzi 20, na matokeo yote yaandikwe ubaoni. Yatatofautiana sana: uzi mmoja utabeba mara mbili ya mwenzake, ijapokuwa zimetoka katika mgomba mmoja. Hapo mwanafunzi aulizwe: ikiwa wavu wa tangi utasukwa kwa nyuzi hizi zote, ni namba gani kati ya hizo itakayoandikwa katika hesabu? Atakayechagua iliyo kubwa kuliko zote amebuni tangi jepesi litakalopasuka. Atakayechagua wastani atakuwa ameziamini nyuzi ambazo nusu yake, au karibu nusu, haziufikii wastani huo. Atakayeanza kuuliza ni nyuzi ngapi zinaweza kukatika kabla zilizobaki hazijashindwa, huyo ameanza kufikiri kama mhandisi.